Simu ikipotea usiku huu, kesho asubuhi unaingiaje kwenye barua pepe yako?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeko Muscat aliniandikia ujumbe mrefu wenye hasira. Simu yake iliingia maji, akanunua nyingine, akaandika nenosiri lake bila kukosea hata herufi moja, na bado akaunti ikamkatalia. Ilitaka namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini yake ya Tanzania. Laini hiyo hakuiwekea vocha tangu alipoondoka, na mtandao ulishaifunga. Anachouliza ni kwa nini alindwe kwa nguvu na ulinzi ambao hakuuomba, kisha ulinzi huohuo umfungie nje.

Hasira yake ni ya haki. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kutakiwa kitu cha pili zaidi ya nenosiri, ulianza kama jambo la hiari, sasa kwenye akaunti nyingi ni amri. Google ilianza mwaka 2021 kuwawashia watu bila kusubiri waombe, na mwanzoni mwa 2022 ikasema imeshawawashia zaidi ya milioni 150. Ukiuwasha kwenye akaunti ya Apple, zikishapita wiki mbili huwezi tena kuuzima, na akaunti mpya nyingi hazikupi kabisa nafasi ya kuukataa. GitHub, mtandao ambao waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilianza Machi 2023 kuwalazimisha watu wanaochangia programu pale. Sababu yao ni ya kweli: watu hutumia nenosiri moja kila mahali, likivuja sehemu moja milango yote iko wazi. Google yenyewe ilisema akaunti zilizoibwa miongoni mwa wale iliowawashia zilipungua kwa nusu. Mimi naamini ulinzi huu unafaa. Nisichokubali ni mtu kufungiwa kufuli la pili bila mtu yeyote kuhakikisha kwamba ana ufunguo wa akiba, halafu siku akipotelewa anajibiwa na mashine.

Kwa kuwa mara nyingi huwezi kuukataa, jipange nao. Na mpango hauanzii kwenye simu, unaanzia kwenye karatasi.

Chukua karatasi, uandike kila akaunti ambayo ukiikosa utaumia: barua pepe, WhatsApp, akaunti ya Apple au Google inayoendesha simu yako, benki, mtandao wa kazini. Mbele ya kila moja andika inakutaka nini zaidi ya nenosiri, na kitu hicho kinakaa wapi. Watu wengi wakimaliza wanakuta safu ya mwisho imejaa neno moja: simu. Barua pepe ya kwanza inarudishwa kwa barua pepe ya pili, ya pili inarudishwa kwa laini, laini iko kwenye simu, na programu ya kutoa namba za kuingilia iko kwenye simu hiyohiyo. Huo ni mduara. Mwizi wa Kariakoo akiichomoa mfukoni, amechukua milango yote kwa mkono mmoja. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha kila akaunti muhimu ina njia moja isiyopita kwenye simu hiyo.

Njia rahisi kuliko zote ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: misimbo mbadala. Kwenye Google ingia myaccount.google.com, fungua Usalama, kisha Uthibitishaji wa Hatua Mbili, kisha Misimbo mbadala. Utapewa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu 8, na kila mmoja unatumika mara moja tu. Haihitaji laini, bando wala simu. Ukitengeneza seti mpya, ya zamani inakufa yote papo hapo, kwa hiyo andika tarehe juu ya karatasi usije ukabaki na karatasi mbili usijue ipi ni hai. Usiipige picha ukaiacha ndani ya simu, na usiitume kwenye barua pepe ileile inayofunguliwa na misimbo hiyo. Iandike kwa kalamu, nakala mbili: moja ikae na vyeti vyako vya kuzaliwa na vya shule, nyingine kwa mtu ambaye ungempigia simu usiku wa manane. Karatasi haina jina la akaunti wala nenosiri juu yake, hivyo hata ikiokotwa peke yake haifungui kitu.

Sasa ujumbe mfupi, maana ndiko wengi wetu tuliko. Ndiyo njia dhaifu, na ndiyo inayogoma kwa sababu nyingi ndogondogo. Namba iliyosajiliwa vibaya ni mojawapo: fomu nyingi zikishaweka +255 hazitaki sifuri ya mwanzo, ukiiandika ujumbe hauendi popote. Nyingine ni kichujio cha ujumbe taka; kabla ya kulaumu mtandao fungua sehemu ya ujumbe uliozuiwa kwenye programu ya meseji, hasa kama umewahi kuzuia watumaji wa matangazo. Nyingine ni haraka yetu wenyewe. Ukiomba namba mara tano ndani ya dakika mbili, mara nyingi kila namba mpya inaua iliyotangulia, na ujumbe ukifika kwa kuchelewa unaandika namba iliyokwisha kufa. Baada ya majaribio mengi akaunti inajifunga kwa muda. Omba mara moja, subiri dakika tano, ndipo uombe tena. Kama kuna chaguo la kupigiwa simu, litumie. Sauti mara nyingi hupita pale ujumbe unapokwama.

Kisha ilinde laini yenyewe. Weka PIN ya kadi ya laini, ambayo ni tofauti na PIN ya kufungulia kioo. Bila hiyo, mwizi anaichomoa kadi, anaitia kwenye kiswaswadu, na namba zako zote zinamwingilia yeye. Usibahatishe PIN ya awali: ukikosea mara tatu utaombwa PUK, namba ya kuifungua kadi iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi kadi inakufa moja kwa moja. PIN na PUK za mwanzo kwa kawaida zimechapishwa kwenye lile kadi kubwa la plastiki ulilobandulia laini. Kama umelitupa, muulize mtoa huduma kwanza. Zima pia maneno ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa, la sivyo mwizi anasoma namba bila kufungua chochote. Na Tanzania, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma kabla mtu hajaitumia kwa jina lako.

Kwa aliye nje ya nchi, laini ya nyumbani ni mtego unaonyamaza. Isipotumika kwa muda, mtandao huifunga, na baadaye huweza kuiuza kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea namba zako bila yeye kukusudia. Ama uihudumie kwa vocha na matumizi, ama uiondoe kwenye kila akaunti kabla hujapanda ndege. Usiondoe ya zamani kabla ya kuongeza mpya na kuijaribu. Google na Apple zote zinaruhusu zaidi ya namba moja, kwa hiyo weka na ya ndugu unayemwamini. Ukibadilisha namba ya urejeshaji kwenye Google, kwa siku 7 bado inaweza kutuma misimbo kwenye ile ya zamani, kwa hiyo badilisha ungali na zote mbili mkononi.

Njia ninayoisisitiza kuliko ujumbe mfupi ni programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator au Aegis. Nitakaa hapa kidogo, maana watu huiogopa kwa kutoielewa, na ukiielewa hofu inaisha. Unaposoma msimbo wa QR mara ya kwanza, simu inapokea neno la siri. Kuanzia hapo inachanganya neno hilo na saa ya sasa, ikihesabu vipande vya sekunde 30 tangu tarehe 1 Januari 1970, na kutoa tarakimu sita. Kule kwenye akaunti hesabu ileile inafanyika kwa neno lilelile. Hakuna kinachotumwa. Ndiyo maana inafanya kazi bila mtandao, bila laini, ndani ya basi la Kigoma porini.

Kutokana na hilo yanafuata mambo matatu ya kutenda.

La kwanza, saa ya simu ikikosea, namba zote zinakosea. Akaunti nyingi huvumilia kipande kimoja tu mbele au nyuma, yaani kama nusu dakika. Kosa la kawaida ni la msafiri: anatoka Dar anatua Muscat, anasogeza saa mbele kwa mkono saa moja, lakini ukanda wa saa anauacha ule wa Dar. Kwa simu, hiyo si saa ya Muscat. Ni saa ya Dar iliyokosea kwa vipande 120. Kila namba itakataliwa, naye ataapa kwamba ameibiwa akaunti. Dawa ni kufungua Mipangilio, kwenye tarehe na saa, na kuwasha saa na ukanda wa saa vijipange vyenyewe. Hilo tu.

La pili, neno la siri likiwa kwenye simu mbili, simu zote mbili zitatoa namba zilezile. Kwa hiyo QR ikiwa bado iko kwenye skrini ya kompyuta, isome kwa simu yako, kisha uisome kwa ile simu ya zamani iliyopasuka kioo iliyolala kwenye droo. Haihitaji laini. Inahitaji chaji na saa sahihi. Iwashe mara moja kwa mwezi, uiunganishe na Wi-Fi ijirekebishe saa, uirudishe.

La tatu, neno lenyewe unaweza kuliandika. Chini ya QR kwa kawaida kuna maandishi ya kubofya kwa mtu asiyeweza kuisoma. Yanafungua mlolongo wa herufi, mara nyingi 16 au 32. Mlolongo huo unatumia herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 pekee. Ukiona kitu kama sifuri, ni herufi O. Ukiona kama nane, ni B. Moja haipo, ni I au L, na hapo kuza maandishi uangalie vizuri. Nakili kwa herufi kubwa, nne nne zenye nafasi. Tofauti na misimbo mbadala, neno hili halifi likitumika, kwa hiyo lifiche kama unavyoificha hati ya kiwanja.

Kuna mtego mpya hapa. Tangu Aprili 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi nakala ndani ya akaunti ya Google. Ni msaada mkubwa kwa akaunti nyingine zote. Lakini kama akaunti yenyewe ya Google inafunguliwa kwa namba za Authenticator pekee, umeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Misimbo mbadala ndiyo inayokutoa. Na ukihamia simu mpya, usiiuze wala kuifuta ya zamani mpaka umefungua Hamisha akaunti ndani ya programu, ukasoma QR kwa simu mpya, na ukaingia kweli kwenye akaunti moja moja. Mafundi simu wanalijua hili: mteja anakuja kuflashi simu, na akaunti zake za namba zinaondoka pamoja na picha.

WhatsApp ina yake. Namba sita zinazokuja kwa ujumbe ni za kusajili simu, na hizo ndizo matapeli wanazoziomba kwa sauti ya upole, ndugu wa wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Usimpe mtu, hata akiwa anaandika kutoka kwa namba ya shangazi yako. Huenda shangazi ameshaibiwa yake. Weka PIN ya hatua mbili ndani ya Mipangilio, Akaunti, na ujaze barua pepe pale inapoombwa. Ukiisahau PIN bila barua pepe, utasubiri siku 7.

Wenye iPhone: ongezeni mtu wa kusaidia kurejesha akaunti, jambo lililoanza na iOS 15. Yeye haoni vitu vyako, anakusomea msimbo tu siku ukikwama. Ule ufunguo wa urejeshaji wa herufi 28 msiuwashe kwa sababu tu mmeuona kwenye orodha. Ukiuwasha kisha ukaupoteza pamoja na vifaa vyako, Apple hawawezi kukufungulia.

Kwa aliyekwama tayari kama yule wa Muscat: jaribu kurejesha kutoka kwenye kompyuta au kivinjari ulichozoea kuingilia, na kama inawezekana kwenye mtandao wa nyumba uliyozoea, kwa sababu Google hupima mambo hayo inapoamua kukuamini. Jibu maswali yote, hata kwa kukisia, kuliko kuyaruka. Kama laini ilisajiliwa kwa jina lako na haijauzwa, kuirudisha kwa mtoa huduma ndiyo njia fupi kuliko zote. Wanaotangaza mtandaoni kwamba wanarudisha akaunti kwa malipo hawana mlango wa nyuma. Watachukua hela, na mara nyingi wataondoka na kitambulisho chako pia.

Ukimaliza kujipanga, fanya jaribio. Zima simu kabisa, iweke chumba kingine, kaa kwenye kompyuta, fungua dirisha la faragha la kivinjari, uingie kwenye barua pepe kwa nenosiri na karatasi yako tu. Msimbo uliotumia ukate kwa kalamu. Ikibaki mitatu, tengeneza seti nyingine na uichome karatasi ya zamani.