Ukitaka Kuijua Dabu, Tafuta Kwanza Mtangazaji

Mara ya kwanza nilipomwomba muuza kaseti anitafutie dabu, yaani wimbo wa rege ambao fundi wa studio ameuchanganya upya, akaondoa sauti ya mwimbaji na kuacha ngoma na besi mbele, alinipa nyimbo za kuimbwa za Lucky Dube. Hakuwa na nia ya kunidanganya. Kibandani kwake kila wimbo wa rege ulikuwa wa Dube, wa Burning Spear au wa Bob Marley, na kaseti alizorekodi mwenyewe ziliandikwa jina la mmoja wao kwa kalamu ya wino, hata kama aliyekuwa akiimba ndani yake ni mtu mwingine kabisa. Nililipa, nikarudi nazo nyumbani Tanga, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba sauti moja laini yenye kutetema, ambayo niliipenda kuliko zote, ilikuwa ya Marley. Ilikuwa ya Jacob Miller. Nililijua hilo usiku ambao mtangazaji wa redio moja ya intaneti alicheza wimbo uleule, akamtaja mwimbaji, akamtaja mtayarishaji, kisha akageuza santuri upande wa pili na kumtaja fundi aliyeuchanganya upya.

Kwa sababu hiyo, kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia aanze kwa kutafuta mtangazaji, aiache kwanza orodha ya nyimbo anayopangiwa na programu ya simu. Programu hujua kukuletea wimbo unaofanana na uliotangulia. Lakini dabu ni muziki uliotengenezwa kutokana na muziki mwingine, na asiyeujua wimbo wa asili husikia ngoma na besi zikizunguka bila kufahamu ni kitu gani kimeondolewa. Wengi wetu tumekua na rege ya kuimbwa, ya Jamaika na hata ya kwetu, ya akina Jah Kimbute na Justin Kalikawe, kwa hiyo tumezoea kufuata maneno. Dabu inatudai tufuate mikono ya fundi.

Wanaosimulia historia hii hurudi kila mara katika studio ya Treasure Isle ya Duke Reid, jijini Kingston, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ruddy Redwood, mwenye saundi sistimu huko Spanish Town, yaani mitambo ya muziki na maspika makubwa ya kupigia dansi la wazi, alikatiwa santuri ya majaribio ambayo fundi Byron Smith alisahau kuweka sauti za waimbaji. Redwood aliicheza hivyo hivyo, na watu waliokuwa wakiujua wimbo huo wakauimba wenyewe juu ya ala tupu. Haikupita muda mrefu kabla ya upande wa pili wa santuri za Jamaika kuanza kubeba toleo lisilo na mwimbaji.

Aliyeligeuza toleo hilo kuwa sanaa ni Osbourne Ruddock, maarufu kama King Tubby, na hapa naomba nikawie kidogo, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa fundi redio na habari hii hunigusa. Tubby naye alikuwa fundi wa vifaa vya umeme: alitengeneza redio, alisuka transfoma na kuunda vikuza sauti vya saundi sistimu yake mwenyewe. Katika nyumba ya Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, aliweka studio ndogo yenye meza ya kuchanganyia sauti ya njia nne, iliyokuwa imetumika katika studio ya Dynamic Sounds. Meza hiyo ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha ambacho kilichuja sauti nzito na kuacha zile nyembamba zipite. Wengine wangekitumia kusafishia sauti, lakini Tubby alikizungusha huku wimbo ukiendelea, kiasi kwamba ngoma ziliyeyuka mpaka zikabaki kama mvuke. Alimwondoa mwimbaji, akamrudisha kwa neno moja, akalitupa neno hilo kwenye mwangwi, akaiacha besi ikitembea peke yake. Alifanya hayo yote kwa vidole, papo kwa papo, kwa hiyo mchanganyo wa pili wa wimbo huohuo haukufanana na wa kwanza.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta wimbo wa Jacob Miller uitwao "Baby I Love You So", uliotayarishwa na Augustus Pablo, kisha mara tu unapomalizika usikilize dabu yake, "King Tubby Meets Rockers Uptown". Fanya hivyo bila kupumzika katikati. Katika wimbo wa kwanza Miller yupo mbele na ala zinamfuata. Katika dabu yeye amegeuka kuwa kivuli: anaingia, anakatwa kabla sentensi haijakamilika, na silabi iliyobaki inajirudia ikififia, wakati melodika ya Pablo, kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, inapita kama mtu anayepiga mluzi mtaa wa pili. Nilipoisikia dabu hiyo peke yake nilidhani faili limeharibika, na ni baada ya kuzisikia zote mbili kwa mfuatano ndipo nilipoelewa.

Mtangazaji mzuri hukufanyia kazi hiyo ya kupanga mfuatano. Hata Jamaika kwenyewe kipindi kimoja cha usiku kiliwahi kufanya mapinduzi: mwishoni mwa miaka ya 1970 Mikey Dread, aliyekuwa fundi mitambo katika Shirika la Utangazaji la Jamaika, aliendesha kipindi chake cha "Dread at the Controls" akicheza muziki wa Jamaika pekee, zikiwemo dabu ambazo redio za huko hazikuzipa nafasi mchana. Kule London, David Rodigan alianza kutangaza rege BBC Radio London mwaka 1978 na mwaka uliofuata akahamia Capital Radio. Mwaka 1979 huohuo, Roger Steffens na Hank Holmes walianzisha kipindi cha rege katika redio ya KCRW huko Santa Monica, California. Nawataja kwa sababu rekodi za vipindi vya watu wa aina hii zinapatikana mtandaoni, na kila mmoja anafundisha kwa njia yake. Mikey Dread anakuonyesha studio inavyoweza kuchezewa hewani, Rodigan anakupa asili ya kila mdundo, na Steffens anakupa mazungumzo na wanamuziki wenyewe.

Hapa kuna jambo lililonipotezea muda. Nilidhani podikasti ndiyo kila kitu, nikapakua zaidi ya arobaini, nikajaza simu, kisha nikakuta nyingi ni maongezi yenye vipande vya sekunde chache za muziki. Sababu ni haki miliki: kuruhusiwa kuweka wimbo mzima ndani ya faili ambalo msikilizaji analipakua ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo nazigawa. Podikasti nazisikiliza ndani ya daladala ili kupata historia, na kwa muziki wenyewe natafuta vipindi vilivyorekodiwa vikahifadhiwa kwenye tovuti za redio au kwenye majukwaa kama Mixcloud, ambayo yana makubaliano ya kurusha mchanganyiko mzima. Vingine vimefungwa kwa walio nje ya nchi husika, na hapo sina dawa zaidi ya kutafuta kingine.

Kuhusu bando, piga hesabu kabla ya kulalamika. Kipindi cha saa mbili kinachorushwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 115, na kwa kilobiti 64 hula nusu yake. Mimi huchagua kiwango cha juu na kupunguza idadi ya vipindi, maana dabu iliyobanwa sana hupoteza ule mkia wa mwangwi. Anayependa kusikiliza moja kwa moja akumbuke saa: kipindi cha London cha saa tatu usiku hutufikia saa sita usiku wakati wao wa baridi, na saa tano wakati wa kiangazi, wanaposogeza saa zao mbele.

Tafadhali usisikilize kwa spika ya simu. Spika hiyo haina uwezo wa kutoa besi, na dabu isiyo na besi ni kama biriani isiyo na mchele. Visikizio vya bei ya wastani vinatosha.

Kisha shika mtangazaji mmoja kwa miezi mitatu, hata kama wiki nyingine atakuchosha, na uwe na daftari. Daftari langu lina safu tatu tu: mwimbaji, mtayarishaji, fundi aliyechanganya. Baada ya wiki kama kumi niliona majina ya safu ya tatu yakijirudia, Tubby, Prince Jammy, Scientist, Lee Perry wa studio ya Black Ark, nikaanza kubahatisha fundi kabla hajatajwa. Nilikosea mara nyingi. Perry nilimtambua mapema, kwa sababu muziki wake unasikika kama umepikwa ndani ya chungu kimoja, kila ala imeloa mchuzi wa nyenzake.

Mwaka jana nilimvisha mjomba visikizio nikamchezea ule wimbo wa Miller na dabu yake. Alikaa kimya mpaka mwisho, mkono wake wa kulia ukijizungusha hewani kidogo kidogo kila sauti ilipochujwa. Kisha akasema, "Huyu alikuwa fundi redio, mjomba," nami sikuwa nimemweleza lolote. Alivivua visikizio, akakitikisa cha upande wa kushoto karibu na sikio, akaniambia waya umelegea, akainuka kwenda kutafuta risasi ya kuchomelea.