Futi Kwanza, Duka Baadaye: Kutengeneza Reli Ndogo Ukiwa Unguja

Wanaokuja nyumbani wakaiona reli ndogo ninayoitengeneza, wengi huanza na suali moja: vifaa unanunua wapi? Huwajibu waende kwanza Ngome Kongwe na futi mkononi. Injini ya kuagiza nje inafika ndani ya boksi ikiwa imeshamalizwa, na mwenye pesa yeyote anaweza kuwa nayo. Kinachoifanya modeli iwe ya Unguja, tena ya kweli, ni vipimo ulivyovichukua mwenyewe.

Ngome Kongwe naitaja kwa sababu. Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney na kuanza kazi mwaka 1905, ilianzia hapo, ikapita Mjini, ikaenda takriban kilomita 11 mpaka Bububu. Kabla yake Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na kijireli chake cha kwendea kasri la Chukwani. Ile ya Bububu ilibeba abiria mpaka miaka ya 1920, magari yakaja kuwachukua. Garimoshi halipo, lakini kuta nyingi lilizokuwa likipita ubavuni mwake zipo mpaka leo, na ukuta uliosimama ni rula kubwa kuliko yoyote utakayoinunua.

Kadi za posta za zama zile zinalionesha garimoshi likipita katikati ya nyumba, limekaribiana na baraza kiasi cha kumtia mtu hofu. Tafuta picha hizo, na uende Nyaraka, panapotunzwa kumbukumbu za zamani, pale Kilimani, uombe kuona za kwao. Kisha angalia kwenye picha kitu ambacho bado kipo: mlango, dirisha, pembe ya ukuta. Nenda kakipime. Tuseme mlango una mita 2.60, na kwenye picha una milimita 13. Basi kila milimita ya picha pale ni sentimita 20 za kweli, na behewa lililosimama sambamba na mlango ule likiwa na kimo cha milimita 14, umeshapata mita 2.80. Hesabu hii inakubali tu kwa vitu vilivyo umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Kilicho mbele huonekana kikubwa, kilicho nyuma huonekana kidogo, kwa hiyo ukipima mlango wa upande wa pili wa njia utajitengenezea behewa la ajabu.

Na usipime kuanzia chini. Njia nyingi za Mjini zimenyanyuka kwa lami na matofali yaliyowekwa juu ya yale ya mwanzo, baraza zikazama. Anza juu ya mlango ushuke, au pima baina ya dirisha na dirisha. Halafu piga hodi, nyumba ni za watu. Mtu akikuona na futi mbele ya mlango wake bila salamu, fikra inamwendea kwenye mambo ya mirathi na viwanja, na ana haki.

"Hodi bibi, shikamoo. Naomba nipime mlango wako, natengeneza mfano wa mtaa huu."

"Marahaba mwanangu. Pima, lakini mnyororo usiuguse, umelegea."

Yule bibi aliniletea na kigoda cha kupandia. Watu wa Mjini wanazipenda nyumba zao, na ukiwaeleza unachofanya watakuonesha na cha ndani ambacho picha haikuwahi kukiona.

Jambo moja la nyumba hizi wengi hulisahau: unene wa ukuta. Kuta za matumbawe na chokaa zina sentimita 50 mpaka 60. Kwenye skeli ya 1:87, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 87 za kweli, ambayo ndiyo imeenea zaidi duniani, hiyo ni milimita 6 hadi 7. Ukikata dirisha kwenye kadibodi nyembamba ukalibandika kioo nyuma yake, utapata nyumba ya karatasi, hata rangi ikiwa nzuri vipi. Dirisha lazima liingie ndani, liweke kivuli. Mimi hupachika kadibodi kwa tabaka mpaka unene ufike, kisha hupaka chokaa iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, na pembe huzipitisha msasa kidogo, kwa sababu ukuta wa matumbawe haukatiki kama tofali la saruji.

Sasa upana wa reli, yaani nafasi iliyopo baina ya chuma na chuma. Hapa ndipo usahihi unapopimwa, na hapa ndipo maduka yanapowaponza watu. SGR ya Bara ina upana wa milimita 1,435. TAZARA ina 1,067. Reli ya Kati ile ya zamani ina 1,000. Zigawe kwa 87: utapata milimita 16.5, 12.3 na 11.5. Kwa hiyo ukiweka mabehewa ya TAZARA juu ya reli ya milimita 16.5 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, umeyageuza kuwa kitu chengine. Reli ya milimita 12 ndiyo inayoyafaa, nayo inapatikana kwa kuagiza. Waingereza wenyewe wana taabu hii. Skeli yao iliyozoeleka ni 1:76, lakini wanaiendesha juu ya reli ileile ya milimita 16.5, wakati hesabu inataka 18.83. Ndiyo maana wapo miongoni mwao wanaojitengenezea reli zao taruma kwa taruma, ile miti inayolazwa chini ya chuma, ili wapate kipimo cha kweli. Nawaheshimu sana watu hao.

Usijaribu kuitengeneza njia nzima. Kilomita 11 kwa skeli ya 1:87 ni mita 126, na hakuna ukumbi nyumbani kwako wa hivyo. Chagua kipande kimoja ukimalize vizuri. Kona moja ya Darajani yenye nyumba zake na watu wake ina mambo zaidi kuliko duara kubwa la reli lisilo na mahali.

Kuhusu hewa yetu, haya utayasikia kwangu tu, kwa sababu vitabu vya nje vinaandikwa na watu wa baridi. Masika yakiingia, ubao unakunywa maji, na reli iliyonyooka Januari inakuwa na tumbo mwezi wa Aprili. Fundi seremala mmoja wa Mwanakwerekwe ndiye aliyenipa dawa. "Plaiwudi ipake pande zote," aliniambia, "na kingo zake, na kila tundu utakalotoboa. Maji hayachagui upande." Nunua plaiwudi ya majini ukiweza, ipake vanishi kabla hujafunga reli, na miguu ya meza isimamishe ndani ya vikopo vyenye mafuta ili mchwa na sisimizi wasipande. Reli za shaba ya manjano ziache. Hewa ya chumvi inazifunika kutu isiyopitisha umeme wa kuiendesha injini, nayo inaanza kudonoadonoa. Reli za nikeli zinavumilia zaidi, nazo zifute kwa spiriti na kitambaa safi kila kabla ya kuendesha.

Mchanga wa pwani wa kuwa kokoto za reli usiutie kama ulivyo, una chumvi. Uoshe kwa maji ya mfereji mara kadhaa, uanike, kisha uchekeche. Kokoto ya kweli ya sentimita 4 kwenye 1:87 haifiki hata nusu milimita, kwa hiyo kinachopita kwenye chujio la chai lenye matundu madogo ndicho chako, kinachobaki juu ni majabali. Imwage baina ya mataruma, ipange kwa brashi, irushie maji kidogokidogo kwa chupa ya kupulizia, halafu idondoshee gundi iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila ya sabuni gundi inasimama juu kama shanga, haiingii.

Minazi nayo. Kila modeli ya nchi za joto niliyoiona ina minazi mifupi, mtu unaweza kuangua dafu ukiwa umesimama. Mnazi wa mita 20 unataka sentimita 23, na binadamu chini yake ni sentimita 2 tu. Uweke hivyohivyo hata kama unaona unazidi nyumba. Unguja mnazi unazidi nyumba.

Nije kwenye maonyesho ya reli ndogo. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliyazoea. Kule hufanyika mwisho wa wiki, mengine kwenye ukumbi wa skuli wenye meza chache, mengine makubwa kama lile la Alexandra Palace, London. Ushauri wangu ni uyapende yale madogo. Kwenye makubwa unasukumwa, kwenye madogo mwenye modeli ana nafasi ya kuzungumza. Zunguka mara ya kwanza mikono mitupu, bila ya simu. Kisha rudi kwenye modeli moja au mbili zilizokugusa, uiname mpaka jicho lako liwe usawa wa abiria aliye kwenye stesheni, ukae hapo. Ukiangalia kutoka juu kila kitu kinapendeza. Ukiangalia kutoka kwa abiria ndipo utakapoona kama paa limekaa sawa na kama moshi umepaka kuta pale ambapo kweli ungepaka.

Suali la kuuliza ni hili: "Kipimo hiki umekipata wapi?" Mwenye kujua atafurahi, atakutolea picha na michoro, na utaondoka na elimu ya mwaka. Muulizi wa bei hapati hayo. Omba pia uoneshwe nyuma, pale garimoshi zinapojificha zikisubiri zamu, na chini, kwenye nyaya. Modeli yenye nyaya zilizopangwa na kuandikwa majina ndiyo inayofanya kazi siku nzima. Usiguse kitu bila ruhusa, na mtoto mshike mkono.

Ukifika huko usikose Pendon, makumbusho ya modeli yaliyopo kijijini Long Wittenham karibu na Oxford. Mwanzilishi wake, Roye England, alitoka Australia, akaziona nyumba za mashambani zikibadilishwa na kuvunjwa, akaamua kuzihifadhi kwa 1:76, kila moja kwa vipimo vyake. Nilisimama pale nikaifikiria Mji Mkongwe. Miniatur Wunderland, maonyesho ya reli ndogo ya Hamburg, Ujerumani, iliyofunguliwa 2001, ni kubwa ajabu na watoto wataipenda, lakini kwa mtu anayetaka kujifunza usahihi mimi ningempeleka Pendon.

Asiyeweza kufika Ulaya asikate tamaa. Panda boti mpaka Dar, kisha basi mpaka Nairobi, uende Makumbusho ya Reli. Ipo pale injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima wa kwetu Tanzania. Ina urefu wa zaidi ya mita 31, yaani sentimita 36 kwenye 1:87, na ukiizunguka kwa miguu utaelewa kwa nini injini ya namna ile haikubali kona za ghafla mezani. Chukua futi na daftari, uombe ruhusa, upige picha za ubavuni ukiwa umesimama katikati, kamera ikiwa usawa wa ekseli.

Na ukitaka kuonesha ya kwako, itengeneze kwa vipande vya sentimita 120 kwa 60. Kipande hicho kinapita mlango wowote, kinaingia nyuma ya gari, na watu wawili wanakibeba. Nyumba zisigundishwe moja kwa moja, zifunge kwa skrubu kutoka chini ili uzing'oe safarini na kuzitia kwenye boksi lenye sponji. Minazi ing'oe mwanzo, irudishe mwisho.