Taa ya njano kwenye paneli ya king'ora cha moto: jengo la biashara linatakiwa kufanya nini

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unasimamia jengo la ghorofa tatu hapa Dodoma, lenye maduka chini na ofisi juu. Kwamba paneli ya king'ora cha moto imekuwa ikiwasha taa ya njano tangu kiangazi kianze. Na kwamba fundi amekushauri ununue paneli mpya kabla wakaguzi wa Zimamoto hawajafika. Kazi yangu ni matengenezo ya mifumo hii, hapa jijini na Singida, na naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu mara nyingi ninachokuta ni paneli nzima ndani ya mfumo uliokwisha kufa.

Taa ya kijani maana yake umeme upo, nyekundu ni moto, na njano ni hitilafu au sehemu ya mfumo iliyozimwa kwa makusudi. Jengo likiwa linatumika, ya kijani ndiyo peke yake inayotakiwa kuwaka. Paneli iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 54 hutakiwa kutangaza hitilafu nyingi ndani ya sekunde 100, kwa taa na kwa mlio, na mlio huo ukinyamazishwa hitilafu inabaki pale pale. Katika jengo moja la Makole nilikuta risiti ya duka imekunjwa na kubandikwa kwa selotepu juu ya taa ya njano, na kitundu cha spika kimezibwa kwa pamba. Nilipobandua risiti ile, maandishi kwenye kioo cha paneli yalikuwa yanasema wazi kwamba betri hazichaji. Watu wa mapokezi walikuwa wameelekezwa kuzuia kelele, wala hakuna aliyewaambia kelele ile ilikuwa inadai nini.

Kwa hiyo naanza na betri, maana hapo ndipo majengo mengi yanapoanguka. Paneli ya kawaida hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Kwa kiwango cha Uingereza cha BS 5839, ambacho mafundi wengi hukifuata, umeme ukikatika betri zinatakiwa kuhimili mfumo kwa saa 24 ukiwa katika hali ya kusubiri, kisha bado zibaki na nguvu ya kupiga ving'ora vyote kwa dakika 30. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme mfumo wako unatumia ampea 0.4 ukiwa kimya na ampea 1.5 ving'ora vikilia. 0.4 mara 24 ni 9.6, 1.5 mara nusu saa ni 0.75, jumla 10.35. Ongeza robo yake kwa ajili ya uchakavu, unapata takriban Ah 13 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), yaani unahitaji betri za Ah 17 au 18. Sasa fungua kasha uangalie kilichomo. Mara nyingi utakuta betri za Ah 7, kwa sababu zinaingia vizuri kwenye kasha na bei yake ni nafuu.

Betri hizi hubadilishwa kila baada ya miaka minne hivi, na mapema zaidi kama paneli imewekwa mahali penye joto kali, kwa mfano stoo isiyo na hewa iliyo chini ya bati. Andika tarehe ya kufungwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri yenyewe.

Jambo jingine ambalo mafundi hulipita haraka ni umeme unaoilisha paneli. Inatakiwa iwe na breka yake peke yake, yenye maandishi yanayokataza kuizima, bila soketi ya mapokezi wala taa ya ngazi kuchangia njia hiyo. Hapa kwetu kuna pia suala la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Wapangaji wana mita zao, paneli iko kwenye mita ya maeneo ya pamoja, na uniti zikiisha Ijumaa jioni jengo likiwa limefungwa, hakuna atakayejua hadi Jumatatu asubuhi. Huo ni muda wa saa 60 hivi, wakati betri zimepigiwa hesabu ya saa 24. Mlinzi wa usiku apewe jukumu la kuangalia taa ya kijani kila anapoingia zamu, na awe na namba ya mtu mwenye uwezo wa kununua umeme saa hiyo hiyo.

Nikirudi kwenye taa yako, umesema imeanza na kiangazi, na hilo linanifanya nishuku vumbi kwanza. Kitambua moshi cha mwanga hufanya kazi kwa kupima mwanga unaotawanywa na chembe za moshi ndani ya chumba chake kidogo, na vumbi jekundu la hapa, likishakaa humo, hutawanya mwanga vile vile. Vitambuzi vya kisasa huiambia paneli kwamba vimechafuka. Vya zamani hupiga king'ora cha uongo. Hapo ndipo watu huchoka na kuizima zoni nzima, yaani sehemu ya jengo ambayo paneli huitambua kama eneo moja. Naomba sana jambo hilo lisifanyike kwako. Vitambuzi visafishwe kwa kipulizio au mashine ya kufyonza vumbi mwishoni mwa kiangazi na katikati yake, na baada ya ukarabati wowote hakikisha vifuniko vya plastiki vimeondolewa. Nimekuta korido nzima ina vitambuzi vilivyovalishwa vifuniko tangu siku ya kupaka rangi.

Kuhusu watu: kila wiki, saa ile ile, bonyezeni kitufe kimoja cha dharura, wiki inayofuata kingine, na matokeo yaandikwe kwenye daftari linalokaa kando ya paneli. Ukaguzi wa fundi usipite miezi sita. Ramani ya zoni ibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Na king'ora kikilia, watu watoke na 114 ipigwe. Mhusika anaweza kunyamazisha, lakini asiriseti, yaani asiirudishe paneli katika hali ya kawaida, mpaka mahali palipotajwa pamekaguliwa, kwani akiriseti anafuta taarifa ambayo askari wa Zimamoto wanaihitaji wanapofika mlangoni. Jeshi hilo lina mamlaka ya kukagua jengo lako kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na daftari lililojazwa kwa ukweli litakusaidia mbele ya mkaguzi kuliko paneli inayong'aa.

Je, ununue mpya? Kabla ya hapo mtake fundi akusomee kumbukumbu za hitilafu zilizomo ndani ya paneli, apime betri akiwa amezima breka, na asafishe vitambuzi vya zoni inayolalamika. Kama baada ya hayo taa ya njano bado inawaka, vipuri vya paneli havipatikani tena, au hakuna mtu mwenye namba za siri za kuingia kwenye mipangilio yake, hapo nunua, na mkataba useme wazi kwamba namba hizo na michoro ya nyaya vinakabidhiwa kwako kwa maandishi siku ya kumaliza kazi.