Msomaji Anauliza: Jiwe la Ko Tapu Tulitazame Vipi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi, mume wangu na mama mkwe tutakuwa likizoni Phuket, Thailand, mwezi wa Januari. Mume wangu ana hamu ya muda mrefu ya kuliona lile jiwe lililosimama peke yake baharini, ambalo lilipata umaarufu kwa filamu ya James Bond ya mwaka 1974. Tumesikia kwamba siku hizi hairuhusiwi kulikaribia. Je, bado inafaa kwenda? Twende saa ngapi, na mama atapata chakula cha halali? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mliyoyasikia ni kweli: tangu mwaka 1998 vyombo vimekatazwa kulisogelea jiwe lenyewe, ambalo kwa Kithai huitwa Ko Tapu, yaani kisiwa cha msumari. Hata hivyo nendeni, kwa sababu mahali pazuri pa kulitazamia ni ufuo wa kisiwa jirani cha Khao Phing Kan, ambao uko umbali wa mita 40 hivi. Jiwe lina kimo cha mita 20 hivi, lakini chini, pale linapokutana na maji, upana wake ni kama mita 4 tu, ilhali juu unafikia mita 8. Ni jiwe la chokaa, na bahari imelila kwenye usawa wa maji kidogo kidogo, kama inavyovila vile visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe huku kwetu mpaka vikafanana na uyoga. Katazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote, maana shina jembamba namna ile halistahili kupigwa kutwa na mawimbi ya injini, na jiwe likishaanguka halisimamishwi tena.

Nilipofika mimi, maji yalikuwa yametoka, na chini ya jiwe ulionekana mkanda mpana wa chaza walioshikamana, huku juu kabisa vichaka vikiwa vimeng'ang'ania nyufa ambazo hata udongo huuoni. Wenyeji husimulia kwamba mvuvi mmoja alikuwa kila akitupa wavu anapata msumari badala ya samaki, mpaka kwa hasira akaukata kwa upanga, na kipande kimoja kikaruka kikawa Ko Tapu. Mwambieni nahodha awasimulie mwenyewe.

Kuhusu saa, nawasihi msirudie kosa langu. Wakala aliyeniuzia safari aliniahidi utulivu, kumbe alitufikisha saa sita mchana, wakati vyombo vingi kutoka Phuket vimekwishatia nanga, na ule ufuo, ambao ni mdogo, haukuwa na nafasi hata ya kusimama. Ni heri mlale usiku mmoja upande wa Phang Nga, mkoa wa bara ulio kando ya ghuba yenye jiwe hilo, mkodi mashua yenu asubuhi na mapema, mkiwa ufuoni kabla ya saa tatu. Januari huko ni majira ya kaskazi kama kwetu, mvua ni chache na bahari ni shwari.

Jambo la pili ni maji kupwa na kujaa, na ninyi watu wa Tanga hamhitaji kufundishwa bamvua ni nini. Katika ghuba hiyo yapo mapango ambayo unayapenya kwa mtumbwi mdogo na kutokea katika uwazi uliozungukwa na majabali pande zote, ambao Wathai huuita hong, yaani chumba. Maji yakijaa sana, dari ya pango hufunga njia. Yakipwa sana, mtumbwi hukwama kwenye tope. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulizeni nahodha maji yatakuwaje siku hiyo, na kama hana jibu la uhakika, mtafuteni mwingine. Mama mkwe avae raba, wala si ndala, kwa sababu mawe ya kushukia huteleza.

Chakula kisiwatie wasiwasi hata kidogo. Karibu na hapo kipo kijiji cha Koh Panyi, ambacho nyumba zake zimejengwa juu ya nguzo baharini, chini ya jabali kubwa. Wakazi wake ni Waislamu, uzao wa wavuvi waliotoka Java, na msikiti wao unauona kutoka mbali kwa makuba yake ya rangi ya dhahabu. Kwa maoni yangu, kijiji hiki kinastahili muda mrefu kuliko jiwe lenyewe, ingawa wageni wengi hula haraka na kuondoka. Vaeni mavazi ya stara, pitieni vichochoro vya mbao nyuma ya mikahawa, mwone na uwanja wa mpira unaoelea, ambao wa kwanza wake watoto wa kijiji waliuunda kwa mabaki ya mbao mwaka 1986. Pangeni kufika kabla ya adhuhuri, na mkubaliane na nahodha tangu asubuhi kwamba hamtang'oa nanga mpaka mama amalize kuswali na kula.