Maswali na Majibu: Mtiririko umehama, nodi zimebaki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga kuku nje kidogo ya mji wa Morogoro, na kwa kutumia Node-RED, programu ya kuunda mifumo kwa kuunganisha visanduku viitwavyo nodi kwenye mchoro, nimetengeneza mfumo wa kufuatilia joto la mashine ya kutotoleshea vifaranga. Nilipohamia kompyuta nyingine nilinakili faili ya flows.json, lakini mfumo umegoma kuanza na baadhi ya nodi zimezungukwa na mistari ya vidoti. Tena, kwenye kompyuta ya zamani kuna nodi nilizozisakinisha kwa kujaribu tu, na nyingine zinakataa kuondoka. Nifanyeje?
Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza nakusihi usizifute nodi hizo zenye vidoti, kwa maana bado zimeshika mipangilio yako yote na zinachosubiri ni programu inayoziendesha. Faili ya flows.json hutunza mchoro tu, yaani nodi ipi imeungana na ipi na kila moja imepangwaje; nodi za ziada zenyewe ni vifurushi vya npm, yaani programu ya kusakinisha vifurushi, ambavyo vingi majina yake huanza na node-red-contrib, na Node-RED ikikosa hata aina moja ya nodi inayotumika katika mchoro, husimamisha mitiririko yote, yaani michoro yako yote, mpaka aina hiyo ipatikane.

Orodha ya vifurushi hivyo, pamoja na matoleo yake, imo katika faili ya package.json ndani ya kabrasha la .node-red. Inakili faili hiyo kwenye kabrasha la jina hilohilo katika kompyuta mpya, ingia humo kwa dirisha la amri, andika npm install, kisha uwashe Node-RED upya. Nywila zako zimo katika flows_cred.json, zikiwa zimesimbwa, na kama hukuweka ufunguo wako mwenyewe katika settings.js, faili ya mipangilio ya Node-RED, ufunguo wa kuzifungua umo katika .config.runtime.json. Jina la faili hiyo linaanza na nukta, kwa hiyo kwenye Linux haionekani kirahisi, na wengi huiacha nyuma bila kujua.

Kuhusu nodi zinazokataa kuondoka, bonyeza Alt, Shift na P kwa pamoja ili kufungua dirisha la kusimamia paleti, yaani orodha ya nodi zilizosakinishwa. Kifurushi ambacho nodi yake ingali kwenye mchoro huandikwa kuwa kinatumika, na hakiondolewi wala hakizimwi. Mara nyingi mtu huapa kwamba amekwisha kuifuta nodi hiyo, kumbe imebaki nodi ya mipangilio, ile inayotunza, kwa mfano, anwani ya seva ya MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe), na nodi hiyo haionekani kwenye mchoro. Itafute katika orodha ya nodi za mipangilio upande wa kulia, uifute, utume mabadiliko, kisha urudi kwenye paleti. Kama bado unasita kukiondoa kifurushi, kizime tu. Nodi zake zitatoweka kwenye paleti na utaweza kukiwasha tena wakati wowote.

Jambo moja hukuuliza, lakini kwa kuwa mayai yamo mashineni sina budi kulitaja. Katika dirisha hilohilo utaona vifurushi vyenye matoleo mapya. Usivisasishe vyote kwa mkupuo, kwa sababu toleo jipya huhitaji Node-RED iwashwe upya na huenda likabadilisha namna nodi inavyopokea ujumbe. Nakili kabrasha zima la .node-red kwanza, sasisha kifurushi kimoja, uangalie usomaji wa joto, ndipo uendelee na kingine. Na kazi hiyo uifanye baada ya vifaranga kutoka.