Shahada si lazima, aanze na daktari

Shikamoo mama. Umeuliza kama kijana wako aliyemaliza kidato cha sita hapo Tanga lazima asome chuo kikuu miaka minne kabla ya urubani. Hapana, si lazima. Kinachomfanya mtu kuwa rubani ni leseni. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kibiashara inataka umri wa miaka 18, mitihani ya nadharia na saa 200 za kuruka, au 150 akisoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Hata Marekani, kampuni ya ndege ya Delta iliondoa sharti la shahada mwaka 2022. Huko mwenye shahada ya urubani anaweza kupata leseni ya juu yenye masharti kwa saa 1,000 badala ya 1,500, ila hiyo ni sheria yao.

Ninachokusihi sana mama, usiuze shamba kwanza! Mpeleke kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, akapimwe afya ya daraja la kwanza, kile kipimo cha marubani wa kibiashara. Atafunguliwa kitabu chenye vidoti vya rangi, asome namba iliyojificha ndani yake. Wapo vijana waliolipa ada, ndipo wakagundua macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Inauma mno.

Akifaulu hapo, akazanie Kiingereza cha redio, kile cha kuongea na waongoza ndege, maana nacho kina mtihani wake. Ada ya kuruka ndiyo mzigo wenyewe, kwa hiyo hela ya shahada ni heri iende huko.