Upinde wa mtumba: vanishi iwe kazi ya mwisho

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua upinde wa mishale wa zamani, wa mtumba, ule wa mbao na faibaglasi wenye ncha zilizopinduka kwenda mbele. Kwenye mkono mmoja, yaani upande mmoja wa upinde kutoka kishikio hadi ncha, pameandikwa 58" na 45# @ 28". Haukuja na ugwe, ile kamba ya kuvutia. Vanishi imebabuka, faibaglasi ina mistari myembamba, na mkono wa juu nauona kama umepotoka kidogo. Nilitaka kuupiga msasa wote, niupake vanishi mpya, kisha ndipo nitafute ugwe. Nianze na msasa namba ngapi?

JIBU: Marahaba. Msasa uweke kando kwanza. Kabla ya namba yake, inabidi tujue kama huo ni upinde wa kupiga au wa kutundika ukutani. Vanishi haiongezi nguvu hata chembe, na ukiipaka mapema utazifunika nyufa zilezile unazopaswa kuziona.

Maandishi uliyoyakuta yanasema mengi. Inchi 58 ni urefu wa upinde. Hiyo 45 ni nguvu yake kwa pauni, sawa na kilo 20 hivi, ugwe ukivutwa hadi inchi 28. Ukiwa mtu mrefu ukavuta inchi 30, unakuwa umeshika karibu pauni 50, kwa sababu kila inchi inayozidi huongeza pauni mbili hadi tatu. Kwa mtu anayeanza, huo ni mzigo. Kama hujawahi kuvuta, jifunzie kwenye upinde wa pauni 25 au 30 huku ukiendelea kuushughulikia huu bila haraka.

Pinde za aina yako, mbao nyembamba zilizogundishwa katikati ya tabaka mbili za faibaglasi, zilienea kuanzia miaka ya 1950. Kampuni za Marekani kama Bear Archery na Ben Pearson zilizitengeneza kwa wingi, ndiyo maana bado zinapatikana kwenye mitumba. Ungekuwa wa mbao tupu ningekujibu vingine. Na ungekuwa wa bomba la chuma, kama zile Apollo za Uingereza, ningekukataza kuuvuta kabisa: kutu huula kwa ndani, nje ukaendelea kung'aa mpaka siku unapokatika mkononi mwako. Wako unashikiliwa na gundi, na gundi hiyo ina maadui wawili wakubwa, joto na kufyatuliwa ugwe bila mshale. Mwenye upinde wa kwanza huenda aliuacha ndani ya gari juani, au mtoto aliuvuta akauachia hewani. Hakuna atakayekuambia, inabidi uusome mwenyewe.

Ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe, kisha ingia nao chumba chenye giza ukiwa na tochi. Mwanga uulaze karibu sambamba na mkono wa upinde, usiupige kutoka juu. Halafu chukua pamba, ipitishe mikono yote miwili, mbele na nyuma na kwenye kingo. Pamba ikinasa, hapo pana kibanzi cha faibaglasi kilichoinuka. Usijaribu kwa kidole, maana vibanzi hivyo vikizama kwenye ngozi utavitafuta jioni nzima.

Sasa hiyo mistari. Ile inayokwenda na urefu wa mkono haiwi ya kutisha mara nyingi. Pinde nyingi za umri huo zinayo, na zinaendelea kupiga. Inayokatiza upana wa mkono ndiyo ya kuogopwa. Tatizo ni kwamba vanishi kuukuu nayo hupasuka kwa kukatiza, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Tafuta mstari ulio mbaya kuliko mingine, lowesha kipande cha msasa namba 400, uondoe vanishi mahali padogo pa ukubwa wa ukucha. Mstari ukiondoka pamoja na vanishi, umepona. Ukibaki, na ukucha ukakwama unapoupitisha, basi faibaglasi yenyewe imevunjika. Hapo sina dawa ya kukupa. Gundi itaziba ufa usionekane, lakini nguvu hairudi, na mkono utavunjikia hapohapo karibu na uso wako. Upinde huo usafishe, utundike ukutani, usiuvalishe ugwe.

Ukimaliza uso, geukia kingo, mahali tabaka zinapoonekana moja juu ya nyingine. Jaribu kuingiza ukingo wa karatasi nyembamba kwenye kila mstari mweusi. Karatasi ikiingia, tabaka zimeachana. Pengo dogo karibu na ncha linaweza kutengenezwa: safisha vumbi, ingiza epoksi, gundi ile ya kuchanganya, inayokauka polepole (siyo ile ya dakika tano), kisha funga kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukiukaza kila mzunguko, uache mpaka epoksi ikomae kabisa. Pengo lililo pale mkono unapoungana na kishikio mimi siligusi. Mzigo wa pale ni mkubwa mno, na wako mafundi wanaojaribu, lakini mimi singesimama nyuma ya upinde huo.

Upinde ukivuka hapo, nunua ugwe. Kwa upinde wa inchi 58 wenye ncha zilizopinduka, ugwe wenyewe uwe na urefu wa inchi 54 hadi 55, yaani pungufu ya upinde kwa inchi tatu hadi nne. Uwe wa dakroni, uzi wa poliesta. Muuzaji atakusifia nyuzi za kisasa zisizonyumbuka, za jamii ya Dyneema, na kweli zinarusha mshale kwa kasi zaidi, lakini ncha nyingi za zamani hazikuimarishwa kwa ajili yake. Uzi usionyumbuka hupeleka kishindo chote kwenye ncha, ukazikata au kuzipasua. Dakroni hunyumbuka kidogo na kumeza kishindo hicho.

Uvalishe kwa kamba maalumu ya kuvalishia, ile yenye mifuko miwili ya kuingiza ncha, ambayo unaikanyaga huku ukiinua kishikio. Ile njia ya kupitisha mguu katikati na kuukunjia upinde kwenye paja ndiyo hupotosha mikono, na sitashangaa kama ndiyo iliyoupotosha wako.

Ukiwa na ugwe, shika ncha ya chini, funga jicho moja, tazama kwa urefu wote hadi ncha ya juu. Ugwe unatakiwa ugawe kila mkono katikati. Ukielemea upande kidogo huku umekaa vizuri kwenye kikato chake, ule mfereji wa kwenye ncha, hiyo ni hali ya uzee, inarekebishika. Vua ugwe, lowesha mkono uliopotoka kwa maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unavumilia kwa shida, uukunje polepole kuelekea upande wa pili kupita kidogo mahali unapoutaka, uushikilie hivyo mpaka upoe. Utarudia. Usisogeze moto wa jiko wala mashine ya hewa ya moto. Utaulainisha mkono, ndiyo, na gundi nayo italainika. Ugwe ukiwa unachomoka kwenye kikato, acha, peleka kwa fundi.

Pima nafasi kati ya ugwe na sehemu ya kishikio iliyozama zaidi. Anza na inchi saba na nusu au nane. Ikipungua, vua ugwe uusokote mizunguko michache, utafupika na nafasi itaongezeka. Uache upinde ukiwa na ugwe saa moja, kisha utazame tena kingo zote kwa tochi.

Ndipo uvute. Vaa miwani ya kinga. Ukiweza, funga kishikio imara ukutani, uvute ugwe kwa kamba ukiwa umesimama pembeni. Anza na inchi chache, rudisha polepole, ongeza kidogo kidogo hadi inchi 28, bila kuachia hata mara moja. Sikiliza. Mlio mdogo wa “tik” unatosha kukusimamisha, hata kama huoni kitu. Mizani ya kuning'iniza ikiwa karibu, itundike kwenye ugwe upate nguvu halisi. Pinde za zamani huwa hazilingani sana na maandishi yake.

Haya, msasa. Kwenye mbao za kishikio tumia namba 220, umalizie na 400. Kwenye faibaglasi usishuke chini ya 400, tena kwa maji na kwa mkono mwepesi, kwa kuwa faibaglasi ndiyo inayobeba mvuto; ukiila upande mmoja zaidi, mikono miwili haitapinda sawa. Maji pia yanazuia vumbi lake, ambalo si la kuvuta puani, kwa hiyo vaa barakoa. Dawa za kuyeyushia rangi usizilete kabisa. Vanishi ya poliurethani, matabaka membamba, basi. Ila ningekuwa wewe nisingeuvua wote: wakusanyaji hulipia zaidi upinde wenye vanishi yake ya asili na maandishi yasiyofutika, na palipobabuka panaweza kupakwa peke yake.

Jambo moja hukuliuliza, nalo ni mishale. Upinde huu usiupe mshale mwepesi. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote, inayobaki inarudi kwenye mikono ya upinde kana kwamba umefyatua hewani. Kwa pinde za umri huo nahesabu grani (kipimo kidogo cha uzito kinachotumika kwa mishale) tisa au kumi kwa kila pauni, na kwa pauni 45 mshale mzima, pamoja na ncha na manyoya, utakuwa gramu 26 hadi 29. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha kuupima.